Mwacheni aende, lakini akivunjika nani atamtibu?

Kila msimu wa Kenya Cup, ligi yetu kuu ya raga, unapoisha, habari huwa ile ile: kijana fulani wa Kabras, KCB, Oilers au Mwamba amepata klabu ng'ambo. Picha yake ya uwanja wa ndege husambaa kabla ndege yenyewe haijaondoka. Wengi humtakia heri. Lakini hawakosekani wanaomwita msaliti, kwamba taifa limemlea na kumvisha jezi, naye ameibwaga kwa ajili ya pesa. Hao ndio walionifanya nishike kalamu, kwa sababu maneno yao huwafikia wachezaji, na mimi ni mmoja wa wanaokaa nao maneno hayo yanapowauma.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Riziki yangu inatokana na magoti, mabega, vifundo vya miguu na misuli ya nyuma ya paja, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita kando ya viwanja vya raga, Nairobi na Kakamega. Mchezaji akilala kifudifudi kwenye kitanda cha matibabu husema mambo ambayo hamwambii kocha wala mzazi wake. Kutokana na niliyoyasikia pale, naamini anayeondoka hana deni kwetu. Sisi ndio tunaodaiwa, na deni lenyewe ni mwili wake.

Wanaomtazama Jumamosi katika uwanja wa RFUEA, Ngong Road, hawamwoni Jumanne. Jumanne ameamka alfajiri akaenda kazini au chuoni, ametoka jioni akapanda matatu mbili hadi mazoezini, na atafika nyumbani saa nne usiku kula ugali uliopoa. Vipo vilabu vyenye benki au kiwanda cha sukari nyuma yake, na mchezaji wa huko hupata mshahara au ajira. Vingi vya vilivyobaki humpa nauli, na chakula baada ya mechi kama mambo yamekwenda vizuri.

Sasa aumie. Kano ya ndani ya goti ikikatika, mchezaji mwenyewe husikia: pa! Mara nyingi hakuna hata aliyemgusa. Alikuwa anakata kona, mguu ukabaki umekita ardhini na mwili ukageuka. Namkuta ameketi nyasini, usoni hana maumivu bado, ana mshangao. Nalikunja goti kidogo, nashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, navuta. Goti zima hukataa. Linafika mahali linakomea. Lililokatika kano hutoka mbele kama droo ya meza, wala huoni pa kukomea. Yeye wakati huo hunitazama usoni, na huwa ameshajua kabla sijafungua mdomo.

Kutoka hapo ni kipimo cha MRI, upasuaji, kisha miezi tisa hadi mwaka mzima ya kuujenga mguu upya. Bima nilizoziona kwenye vilabu vidogo huishia kwenye huduma ya kwanza na eksrei. Kinachofuata kila mchezaji wa Kenya anakijua: kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anateuliwa, namba ya M-Pesa inabandikwa, na wenzake, ambao nao wanaishi kwa nauli ya klabu, wanaanza kuchanga mia mbili mbili. Nimeona michango ikifika. Nimeona pia ikikwama njiani, kijana akakaa na goti bovu akisubiri mpaka paja moja likawa jembamba kuliko lenzake. Mtu aliyeyaona hayo kwa rafiki yake, akipigiwa simu na klabu ya Ulaya yenye daktari wake na ukumbi wake wa mazoezi, tunataka ajibu nini?

Na kuhamia penye malipo tumekuzoea hapa hapa nyumbani. Kabras iko katikati ya mashamba ya miwa, Kaunti ya Kakamega. Ilipoanza kulipa, wachezaji wa Nairobi walifungasha virago wakaenda. Mganda Philip Wokorach alivuka mpaka akaja kuichezea, na wamekuja wengine kutoka mbali zaidi. Mwaka 2016 ikatwaa Kenya Cup kwa mara ya kwanza na Magharibi yote ikasherehekea. Sikumsikia mtu yeyote Kakamega akisikitika kwamba Kampala imepokonywa kijana wake.

Hasira ya mashabiki wetu nadhani ni mabaki ya enzi za raga ya ridhaa. Mwaka 1990 winga wetu Edward Rombo alikwenda Leeds kucheza raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na tatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilipa. Raga ya wachezaji kumi na tano ilikataza malipo, na aliyevuka kwenda kulipwa upande wa pili alifungiwa mlango. Mambo yalibadilika Agosti 1995, raga hii ilipokubali rasmi kuwa ya kulipwa. Lucas Onyango naye alifuata njia ya ligi akachezea Oldham. Daniel Adongo alipitia Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 akaibukia Marekani katika kikosi cha Indianapolis Colts, akicheza soka ya Kimarekani. Leo tunawataja hawa kwa fahari. Kijana wa leo anafanya walichofanya wao, tena bila kuvunja kanuni yoyote.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba wachezaji wakibaki nyumbani, Simbas, timu yetu ya taifa ya wachezaji kumi na tano, watafuzu Kombe la Dunia. Hatujafuzu hata mara moja, kwa hiyo naelewa uchungu wa wanaoisema. Lakini tukumbuke Dubai, Novemba 2022, kwenye mashindano ya kuwania nafasi ya mwisho. Marekani ilitufunga 68-14. Ureno ikatufunga 85-0. Hong Kong ikatushinda 22-18. Hiyo Ureno ni nani? Ni timu ambayo wachezaji wake wengi walikuwa wakilipwa na vilabu vya Ufaransa, baadhi yao wakiwa watoto wa wahamiaji waliozaliwa huko huko. Ilitoka sare ya 16-16 na Marekani, ikafuzu kwa tofauti ya pointi, na zile 85 walizotufunga sisi zilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Mwaka uliofuata, Oktoba 8 mjini Toulouse, Ureno hiyo hiyo iliifunga Fiji 24-23 na kupata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia.

Kwa jicho la kazi yangu, tofauti ya Dubai haikuwa ushujaa. Mtu anayefanya mazoezi asubuhi, akalala mchana, akafanya tena jioni, anayelishwa kwa vipimo na kutazamwa na daktari kila wiki, ana shingo na mgongo ambao anayepanda matatu baada ya kazi hawezi kuwa nao. Huwezi kumpa mchezaji mwili huo kwa kambi ya wiki chache. Ufaransa iliwapa Wareno miili hiyo, na Ureno ikajua namna ya kuwaita nyumbani.

Nchi iliyonifundisha mengi zaidi kuhusu jambo hili ni Fiji. Tunajuana nao vizuri. Aprili 17, 2016, mjini Singapore, Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, chini ya kocha Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu, iliwafunga 30-7 kwenye fainali ya duru ya huko, na sidhani kuna Mkenya mpenda raga asiyekumbuka alikuwa wapi siku ile. Fiji ina watu wasiofika milioni moja. Imetwaa dhahabu ya Olimpiki ya raga ya wachezaji saba kila upande mara mbili, Rio 2016 na Tokyo mwaka 2021, na fedha Paris 2024. Vijana wake wengi wamechezea vilabu vya Ufaransa: Semi Radradra, Leone Nakarawa, Josua Tuisova, Levani Botia aliyeichezea La Rochelle. Wameondoka wengi kuliko wetu, na mshahara wa mmoja huko unalisha ukoo mzima kijijini.

Wafiji pia wameionja shubiri ya kuondoka vibaya. Ligi ya Ufaransa inazibana klabu zitumie wachezaji waliofunzwa Ufaransa, na kinachohesabika ni mahali kijana alipofunzwa, si alipozaliwa. Matokeo yake, anayechukuliwa akiwa mdogo ana thamani kuliko anayechukuliwa amekomaa. Klabu ya Clermont ilifungua kituo cha vijana huko huko Fiji, mkoani Nadroga. Alivereti Raka alipitia njia hiyo hadi Clermont, na mwaka 2019 alicheza Kombe la Dunia akiwa na jezi ya Ufaransa. Simlaumu, ni maisha yake, na ameyaendesha kwa heshima. Wasiwasi wangu uko kwenye umri. Kijana wa miaka kumi na minane mifupa yake bado inakomaa, na huko anasaini karatasi zilizoandikwa kwa lugha asiyoisoma, akiwa hana mzazi chumbani. Siku mawakala watakapoanza kujipanga kando ya viwanja vya shule za Kakamega High, Musingu na Kangaru, tutakuwa tumejiandaa na nini?

Kuna jambo la Tuisova ambalo kila nikisikia neno msaliti hunirudia. Oktoba 2023, mkesha wa mechi ile ya Ureno, mwanawe wa miaka saba alifariki nyumbani Fiji baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tuisova alibaki Ufaransa na timu ya taifa, akakosa mazishi, akacheza robo fainali dhidi ya Uingereza ambayo Fiji ilipoteza 30-24. Mtu huyo kazi yake ya kila siku iko Ufaransa tangu ujana wake. Mwenye kudhani kwamba anayelipwa ng'ambo amelisahau taifa lake, na amtazame huyo.

Ila kilichobadilisha hali ya Fiji kilitokea mwaka 2022, timu yao ya kulipwa, Fijian Drua, ilipoingia ligi ya Super Rugby Pacific. Kabla ya hapo Mfiji mwenye kipaji alikuwa na njia mbili: aondoke alipwe, au abaki asilipwe. Drua ikamwezesha kulipwa huku akicheza mechi za nyumbani Suva na Lautoka, mama yake akiwa jukwaani. Agosti 2023 Fiji iliifunga Uingereza 30-22 pale Twickenham kwa mara ya kwanza katika historia yao. Septemba 17, kwenye Kombe la Dunia, ikaifunga Australia 22-15, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1954. Kikosi hicho kilikuwa mchanganyiko wa wa Drua na wa Ulaya. Walioondoka walirudi wakawakuta waliobaki wakiwa fiti kama wao.

Sisi tumejaribu. Kikosi chetu cha Simba XV kilicheza mashindano ya Vodacom Cup huko Afrika Kusini mwaka 2014, na mwaka 2022 Simbas wakacheza huko huko katika Currie Cup, daraja la pili (First Division). Mara zote mbili niliona vijana wakirudi na misuli mipya na nidhamu mpya ya kula na kulala. Hakuna kati ya hayo lililodumu. Ninaamini siku moja Kenya itakuwa na timu yake ya kulipwa katika ligi ya kudumu, na nitaililia hadi ipatikane, lakini timu kama hiyo haijengwi kwa mwaka mmoja, na vijana wanaondoka mwezi ujao. Kwa hiyo nataka nizungumzie la mwezi ujao.

Si zamani sana alinijia propu mmoja, mtoto wa Butere, akiwa na mkataba kwenye simu. Klabu ilikuwa ya daraja la pili katika nchi moja ya Ulaya. Wakala alikuwa amempa hadi Ijumaa awe ameshasaini. Tuliketi kwenye benchi la zahanati tukaukuza ule mwandiko kwa vidole, kifungu baada ya kifungu. Nyumba ipo. Mshahara upo, kwa miezi kumi. Miezi miwili ya mapumziko hakuna kitu. Tiketi ya kwenda ipo, ya kurudi haikutajwa. Akiumia akakaa nje kupita muda fulani, klabu inaruhusiwa kuvunja mkataba, na matibabu yanakoma siku mkataba unapokoma. Kuhusu timu ya taifa ilisemwa kwamba ataomba ruhusa ya klabu, basi.

Nilimuuliza kama amelionyesha shirikisho. Akasema, "Daktari, wao watasaini tu kibali. Hawaulizi."

Klabu ilitaka pia barua ya historia ya majeraha yake. Bega lake la kushoto lilikuwa limeteguka zaidi ya mara moja, na mimi ndiye niliyelirudisha na kulifunga. Akainama, akaniomba lile bega nisiliandike. Namwelewa. Nyuma yake kuna wadogo zake wanne wanaosoma. Niliandika kila kitu, na nikamweleza sababu: jeraha lililofichwa ndilo kampuni ya bima hulitafuta kwanza, na bega hilo likitoka tena kwenye skramu ya Novemba, wakigundua lilikuwa na historia, watamwachia gharama yote mkononi. Alininunia kwa muda. Klabu ilimpima tena, ikampunguzia mkataba kutoka misimu miwili hadi mmoja, ikakubali kuandika kwamba itamtibu hadi apone hata mkataba ukiwa umekwisha. Tiketi ya kurudi, klabu ilikataa kuitoa.

Mama yake alinipigia simu usiku wa kuamkia safari. Hakuniuliza kuhusu mshahara. "Dada yangu," akasema, "wewe umemshika huyu mtoto kwa mikono yako. Huko aendako akivunjika, nani atamwangalia?" Nikamsomea kile kifungu polepole, mara mbili. Nilishukuru kwamba nilikuwa na cha kumsomea. Mama wangapi hawana?

Jibu la swali lake halipaswi kutegemea bahati ya kijana kupitia kwenye zahanati yangu. Chini ya kanuni za World Rugby, shirikisho la raga duniani, mchezaji hawezi kuhama kutoka shirikisho moja kwenda jingine bila kibali cha shirikisho analotoka. Kwa hiyo kila kijana anayeondoka kihalali, jina lake linapita mezani pa shirikisho letu la raga, KRU. Sitaki kibali hicho kitumike kumzuia. Kumzuia kijana asiende kujitafutia riziki ni dhuluma. Nataka kabla muhuri haujagongwa, mtu aulize: bima iko wapi, inalipia upasuaji au la? Matibabu yanaendelea hadi lini? Tiketi ya kurudi ni ya nani? Wakala anakata asilimia ngapi, na amesajiliwa wapi? Kanuni namba 9 inazitaka klabu ziwaachie wachezaji katika vipindi vya mechi za kimataifa; je, mkataba huu unaiheshimu au unaizunguka? Wachezaji wa Samoa, Tonga na Fiji wamesimulia kwa miaka mingi jinsi walivyobanwa waikatae jezi ya taifa ili wasikatwe mshahara. Hatuna sababu ya kusubiri tubanwe nasi ndipo tuanze kusoma.

Kuna na hili la fedha. Kanuni hizo hizo zinatambua fidia ya malezi kwa waliomkuza mchezaji kijana anapochukuliwa na klabu ya nchi nyingine. Ningependa kila senti itakayopatikana kwa njia hiyo iwekwe kwenye mfuko wa matibabu ya wanaobaki, yule wa klabu ya chuo kama Mean Machine, yule wa timu ya kaunti ambayo wachezaji wake hata jezi wanabadilishana. Aliyekwenda atakuwa amemtibia goti mwenzake aliyebaki, na zile namba za M-Pesa zitapungua.

Najua litakalosemwa: shirikisho halina pesa. Ni kweli kwamba raga yetu ina njaa. Mwaka 2018, kwenye duru ya Paris, Shujaa walifunika maandishi ya mdhamini kifuani kwa sababu ya malalamiko ya malipo, na mwaka 2023 tukashushwa kutoka msururu wa dunia kabla ya kupigana na kurudi mwaka uliofuata. Lakini kusoma mkataba hakuhitaji bajeti ya Wizara. Kunahitaji wakili mmoja, mtu mmoja wa tiba, jioni chache za Juni na Julai, na fomu ya kibali yenye ukurasa wa pili ulio na maswali hayo. Ofisi za KRU ziko pale pale Ngong Road, hatua chache kutoka kando ya uwanja ninapofanyia kazi. Wakinihitaji kwa vifungu vya matibabu nitakuja bila kudai malipo, na ninao wenzangu kadhaa wa fani hii, Nairobi, Nakuru na Kakamega, ambao wameshaniambia watakuja pia.